Krokasi Dar? Bora upande maua ya mvua

Kila ikifika Machi, wifi yangu aliyeko Ujerumani anatupia picha kwenye kundi la familia: viua vya zambarau, vya njano na vyeupe vimechomoza ardhini, vingine bado vimezungukwa na theluji. Ni krokasi. Na lazima mtu aulize kama haviwezi kuota hapa Dar, kisha swali linasukumwa kwangu kwa sababu mimi ndiye mtu wa bustani. Jibu langu huwa moja: hela hiyo nunulia kitu kingine.

Krokasi huota kutoka kwenye kiazi kidogo kinachofukiwa Septemba au Oktoba kule kwao. Ili kichanue, kinahitaji wiki 12 hivi au zaidi za baridi ya kweli, chini ya nyuzi 9. Sisi hata Julai, usiku ule tunaovuta shuka na kulalamika, tunacheza kwenye nyuzi 18 au 19.

Wapo watakaokuambia utumie friji. Inawezekana: viazi kwenye mfuko wa karatasi, mbali na ndizi na maembe, maana matunda yanayoiva hutoa gesi inayoua ua likiwa bado ndani. Lakini ukishavitoa barazani, joto letu linayamaliza maua upesi, na mwaka unaofuata lazima uanze upya. Wale wanaoota kuvuna zafarani ya biriani wajue kwamba inatoka kwenye krokasi ya aina yake, kila ua linatoa nyuzi tatu tu, na gramu 1 inataka maua kama 150. Nenda Kariakoo, nunua, yaishe.

Mimi napanda Zephyranthes, maua ya mvua. Sura yake haiko mbali na krokasi: petali sita, kikombe kidogo juu ya kikonyo chembamba, majani kama ya nyasi. Yapo ya waridi, meupe na ya njano. Kwa wauza miche wa kando ya barabara, usiulize jina, onyesha picha kwenye simu. Mara nyingi utapewa kopo lenye fungu zima. Lipasue kwa mkono taratibu, kila kitunguu kibaki na mizizi yake.

Fukia sentimita 5 hivi, vikae karibu karibu, nafasi ya vidole vinne. Usipande kimoja kimoja kwenye kona. Ua moja hudumu siku moja au mbili tu, kwa hiyo uzuri wake uko kwenye wingi. Mchanga wetu wa pwani uchanganye na mboji au samadi iliyooza vizuri. Kama udongo wako ni mzito na maji yanatuama, inua tuta. Jua yalipate angalau nusu siku.

Sasa, kazi yenyewe iko kwenye kiu. Mvua za masika zikiisha, punguza maji hadi karibu na kuacha kabisa, na mwambie pia anayekusaidia kumwagilia, maana huyo kwa huruma yake ataharibu mpango mzima. Majani yakigeuka njano, yaache. Vuli ikifungua na mvua ya kwanza ikilowesha udongo, baada ya siku chache utaona ncha nyekundunyekundu zinapenya kati ya majani, nyembamba kama njiti ya kiberiti, na asubuhi moja tuta lote limefunguka. Mvua ikichelewa, mwagia ndoo za kutosha mpaka udongo ulowe chini, ingawa kwangu hayajawahi kuitika kama yanavyoitikia mvua. Maji ya kisima yenye chumvi, yale yanayoacha ukoko mweupe kwenye chungu, yaepuke. Kinga maji ya mvua ya paa kwenye pipa.

Jambo moja la kuzingatia sana: vitunguu hivi vina sumu, na vimefanana mno na vitunguu vidogo vya kupikia. Akivila mtu atatapika. Ukivichimbua usiviweke jikoni hata kwa dakika tano, na kama una watoto wadogo panda mahali wasipofukuafukua.

Kwa wenye kivuli cha mwembe, tafuta Scadoxus, lile tufe jekundu kubwa linalochomoza mvua zinapoanza. Ni la Afrika hii hii, nalo lina sumu vilevile. Hilo lipe nafasi, na likishajishika usilihamishehamishe.