Kiwele kinajengwa mapema, acheni kunenepesha mitamba (ng'ombe jike ambao hawajazaa)

*Ndama wangu jike ana miezi minne, kiwele hakionekani, nimpe dawa gani? (Chamwino)*

Hakuna dawa. Mwache akue.

*Kiwele kinaanza kuumbika lini hasa? (Mpwapwa)*

Tumboni kwa mama, ndani ya miezi miwili ya kwanza ya mimba. Seli za ngozi ya kijusi, zile bapa, sehemu chache zinaanza kurefuka, zinabanana, zinaongezeka halafu zinazama chini ya ngozi na kuwa kitu kama kichipukizi. Ng'ombe anapata vinne, mbuzi viwili. Juu yake inatokea chuchu, na ndani vinachipua vimfereji vya maziwa. Dume naye anapitia hatua hizo za mwanzo, ndo maana ana chuchu. Ndama akizaliwa chuchu zipo tayari, ila vimfereji bado vifupi sana.

*Mtamba wa miezi saba nampa mashudu ya alizeti na pumba asubuhi na jioni, amenenepa anang'aa. Niendelee? (Kongwa)*

Usiendelee hivyo! Hili nalijibu kila mara na bado mnaniletea picha za mitamba minene mkitaka sifa. Kuanzia kama miezi mitatu hadi tisa hivi vile vimfereji ndo vinarefuka na kutawanya matawi kwa kasi kuliko mwili wenyewe, sasa ukimjaza vyakula vya nguvu kupita kiasi mafuta yanatanda kwenye kiwele na matawi yanabaki machache, akija kuzaa kiwele ni kikubwa kwa macho lakini maziwa hamna, na hapo hakuna sindano ya kurudisha. Usimkondeshe pia. Mpe majani mazuri, protini ya kutosha, madini na maji, upime kimo chake na siyo unene. Na ukienda mnada wa mifugo wa Msalato, Dodoma, usidanganywe na mtamba aliyenona.

*Ndama wangu ana chuchu ya tano. (Bahi)*

Mwite mtaalamu aikate angali mdogo. Usikate mwenyewe kwa wembe, mtakuja kukata chuchu ya kweli.

*Nikichelewa kukamua kuna shida? Si maziwa yanajaa tu? (Kizota)*

Ipo. Ng'ombe akishakamuliwa, seli zinazotengeneza maziwa zinakuwa ndefu na zinafanya kazi, kila maziwa yanavyojaa zinasukumwa mpaka zinakuwa bapa na utengenezaji unapungua. Ukifanya uchelewaji kuwa tabia, mwili unapunguza uzalishaji kabisa. Kamua saa zilezile, na miezi miwili kabla hajazaa mkaushe, yaani acha kumkamua, ili seli zilizochoka zipate kubadilishwa na mpya. Wanaokamua mpaka siku ya kuzaa wanajiibia maziwa ya uzao unaofuata.