Kompyuta Ikilala Katikati ya Wimbo

Juzi msomaji aliniandikia: “Kaka, nataka kuunda programu ya kurekodi kwaya, nianzie wapi?” Anzia pale nilipoumia mimi.

Nilirekodi harusi Kayole kwa programu niliyoiandika mwenyewe, miezi minne ya kukesha. Stima ikapotea, betri ikaisha nguvu, laptopu ikalala, halafu ikazima kabisa. Nyumbani nafungua faili: sekunde sifuri! Faili ya WAV, aina ya faili ya sauti, hubeba urefu wake pale mwanzoni, na programu yangu ilingoja mtu abonyeze kitufe cha kusimamisha ndipo iujaze. Nilikesha siku mbili nikiitengeneza kwa mkono. Nyingi ya sauti ilirudi. Lakini nilikuwa nahifadhi kila baada ya dakika 10, na zile za mwisho, mama ya bwana harusi akimwimbia mwanawe, zilikuwa bado kwenye kumbukumbu ya mashine. Yule mama hajawahi kunipigia simu tena, na bado naumia.

Kumbe mashine huionya programu yako kabla ya kulala. Windows huitumia ujumbe uitwao WM_POWERBROADCAST. Tangu toleo la Windows Vista, programu haiwezi kukataa mashine isilale. Una kama sekunde 2 tu. Linux yenye systemd (programu inayosimamia huduma za mfumo) hutangaza ishara ya PrepareForSleep, na ukiomba icheleweshe kulala unapata sekunde 5 kwa kawaida. Hapo andika kila kitu kwenye diski, jaza urefu, achilia kadi ya sauti, kile kifaa kinachoingiza na kutoa sauti. Ikiamka, ifungue kadi upya, maana ile ya USB huweza kuwa imeondoka ikarudi.

Kwa programu ya kucheza muziki, simamisha, kumbuka ulipofika, na mashine ikiamka, wimbo usijiendeleze wenyewe. Windows hutofautisha mashine iliyoamka tu (PBT_APMRESUMEAUTOMATIC) na iliyoamshwa na mtu (PBT_APMRESUMESUSPEND). Na hata mtu akiiamsha, mngoje abonyeze. Hebu fikiria laptopu ifunguliwe matangani, benga ilipuke kwenye spika! Vilevile, zuia mashine isilale wakati wimbo unacheza tu. Wimbo ukisimama, ondoa kizuizi. Betri ya mteja si yako.

Ndugu zangu, tusiwaambie wateja eti ni stima. Stima ya Nairobi tunaijua tangu utotoni, na kazi yetu ni kuandika programu inayoijua pia. Siku hizi nafunga kifuniko katikati ya wimbo, nachomoa waya wa kadi ya sauti, narudisha, nafungua. Mara 20, kabla mteja hajaiona.