Elfu ishirini Dar inatosha kabisa

Ndugu, umeuliza utawapeleka wapi wapwa zako wawili hapa Dar na mfukoni una elfu ishirini tu. Asubuhi pandeni basi la mwendokasi mpaka Kivukoni, mle samaki wa kukaanga pale soko la Feri (bei ya kwanza usikubali), kisha mvuke na pantoni hadi Kigamboni na kurudi. Kwa watoto hiyo pantoni peke yake ni sherehe, na nauli yake ni chenji tu. Makumbusho ya Taifa mnafika kwa miguu. Waulizie habari za fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, lililopatikana Olduvai mwaka 1959. Jioni Coco Beach: mihogo, pilipili, upepo. Ila Jumapili kunafurika watu, usiwaachie mikono.