Kumsifu Mungu Katikati ya Mateso

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mhariri. Tangu niokoke, ndugu zangu wamenitenga. Nitawezaje kumsifu Mungu na kumshuhudia Kristo nikiwa na uchungu huu?

JIBU: Asifiwe milele, mpendwa. Sifa haingoji uchungu uishe: kule Filipi, Paulo na Sila, waliokuwa wamechapwa bakora na kubanwa miguu kwenye mkatale, waliimba usiku wa manane, na wafungwa wengine wakawa wanawasikiliza (Matendo 16:25). Kusikilizwa huko ndiko ushuhuda wenyewe.

Jirani zetu wa Uganda wanalijua jambo hili kwa karibu, kwani tarehe 3 Juni 1886, huko Namugongo, vijana wa jumba la Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, Wakatoliki na Waanglikana pamoja, walifungwa ndani ya matete wakachomwa moto huku wakisali. Kizito, mdogo kuliko wote, alikuwa amebatizwa na Karoli Lwanga, kiongozi wa vijana hao, siku chache tu kabla.

Nakusihi usibishane na ndugu zako; endelea kuwasalimu na kuwauguza, nao wakikuuliza sababu ya tumaini lako, uwajibu kwa upole, kama Petro alivyoagiza. Wala usilie peke yako: tafuta wawili watatu wa kusali nawe.