Uliza Ujibiwe: Kama mieleka imepangwa, watu wanalia nini?

SWALI: Shikamoo anko. Sisi kijiweni kwetu Ngamiani tunaangalia sana mieleka kwenye simu. Sasa jamaa mmoja katuonyesha ya Meksiko, anasema kila mwezi wa 9 kuna kampuni inafanya shoo ya kutimiza miaka yake, mtu anavuliwa maski na wazee wazima wanalia. Wenzangu wanasema yale ni maigizo tu hamna cha kulia, mimi nasema kuna kitu pale. Nani yuko sahihi? – Msomaji, Ngamiani, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Wenzio hawajakosea ila wameishia njiani. Matokeo yanapangwa ndio, wanaopanda ulingoni wanajua nani atashinda na siku hizi hilo halifichwi. Lakini maski ikishavuliwa imevuliwa kweli, hairudi, na huyo aliyevuliwa anaamka kesho yake na sura yake nje mtaa mzima unamjua, hapo ndo pa kulia.

Kampuni yenyewe ni CMLL. Aliianzisha Salvador Lutteroth tarehe 21 Septemba 1933, enzi hizo ikiitwa EMLL, na ndo kongwe kuliko kampuni zote za mieleka duniani ambazo bado zinafanya kazi. 1934 wakafanya shoo ya kutimiza mwaka mmoja na mpaka leo kila mwaka wanaifanya, 2023 wametimiza 90. Hata 2020 kipindi cha corona waliifanya, ukumbi mtupu kabisa, watu wakaangalia kwenye intaneti. Ukumbi wao ni Arena México pale Mexico City, ulifunguliwa 1956, unaingiza watu zaidi ya 16,000.

Sasa sikiliza ya maski. Mwanamieleka wa kule anaweza kufanya kazi miaka ishirini au zaidi hamna shabiki anayeijua sura yake, hata jina lake la kuzaliwa halitajwi, anajulikana kwa jina la ulingoni basi. El Santo, yule wa maski ya fedha ambaye ndo mkubwa wao wa siku zote, alifariki Februari 1984 na akazikwa na maski yake usoni. Na refa akimuona mtu anamvua mwenzie maski katikati ya mechi ya kawaida anamtoa mchezoni hapohapo, huyo aliyevua kapoteza. Kwahiyo njia ya halali ni moja, wawili wakubaliane kuweka dau, maski yangu kwa maski yako, au asiyekuwa na maski anaweka nywele zake, na madau makubwa kabisa mara nyingi yanasubirishwa mpaka shoo ya Septemba. Mara nyingi mechi yenyewe ni raundi tatu, anayetangulia kupata mbili kashinda.

Akishindwa sasa, angalia vizuri hapa maana wengi wanazima simu mshindi akishatangazwa. Maski inafungwa kwa kamba nyuma ya kichwa, kwahiyo haivuliwi kwa kunyakua, kuna kuinama, kuna mtu anafungua kamba tundu moja baada ya lingine, mikono inatetemeka, ukumbi mzima umesimama. Alafu inatoka, jamaa anaikabidhi kwa aliyemshinda, anapewa kipaza sauti na anataja jina lake la kuzaliwa, mji aliotoka na miaka aliyofanya kazi. Hiyo sehemu ya kujitaja kwangu mimi inaizidi mechi yenyewe.

Tafuteni ya tarehe 19 Septemba 2014, shoo ya 81, Atlantis na Último Guerrero. Mashabiki waliisubiri miaka mingi mpaka wengine walishakata tamaa kwamba itakuja kutokea. Atlantis akashinda, Último Guerrero akavua. Alafu unganisheni na hii: 2013 kijana anaitwa La Sombra alimvua maski Volador Jr. kwenye shoo ya 80, akawa juu kwelikweli, miaka miwili baadae kwenye shoo ya 82 akakutana na huyohuyo Atlantis, mzee wa miaka 52, na La Sombra naye akavuliwa. Saivi mnamuona Marekani bila maski kwa jina la Andrade, wengi hawajui kama mwanzo wake ni ule.

Na kuhusu kushabikia, kule kuna kambi mbili, técnicos wanaopigana kwa ufundi na heshima, na rudos wanaovunja sheria mbele ya macho ya refa. Msidhani rudos wanazomewa tu, wana watu wao ukumbini na familia zinarithishana upande, ni kama Coastal na African Sports walivyoigawa Tanga siku wakikutana Mkwakwani.

SWALI: Mhariri habari za kazi. Mwanangu wa miaka 9 akimaliza kuangalia mieleka anapanda juu ya kabati anamrukia mdogo wake. Nimzuie kuangalia? – Mama wa wawili, Makorora

JIBU: Nzuri dada yangu, pole na hekaheka. Kuangalia muache, kuruka mzuie leo hii bila mjadala. Mwambie ukweli kwamba wale watu wanafundishwa kuanguka kwa muda mrefu kabla ya kupandishwa ulingoni, wanajifunza kuficha kidevu kifuani na kutua kwa mgongo mpana ili kisogo kisiguse chini, na ulingo una mbao zinazobonyea na godoro juu yake, lakini bado wanavunjika mifupa. Sakafu yako ya saruji haibonyei. Na yule mdogo anayerukiwa ndo yuko hatarini zaidi, shingo ya mtoto sio ya kujaribia.

SWALI: Anko, ni Meksiko tu au na wengine wana shoo za hivo? Alafu hiyo ya CMLL kwa saa zetu inakuwa saa ngapi? – Fundi simu, Chumbageni

JIBU: Wapo. New Japan ya Japani ilianza tarehe 6 Machi 1972, na kila mwaka mwezi wa 3 wanaikumbuka siku hiyo. Mwanzilishi wake Antonio Inoki usiku ule wa kwanza kabisa alipigana na Karl Gotch na akapigwa, kwenye kampuni yake mwenyewe, mbele ya watu waliolipa kumuona yeye. Mimi nampenda Inoki kwa hilo, maana kaanza kwa kumpa heshima aliyemzidi.

Ya CMLL kawaida inakuwa Ijumaa. Shoo zao za Ijumaa zinaanza saa 2 na nusu usiku wa kule, sisi tuko mbele yao masaa 9, kwahiyo hapa Tanga inakuwa Jumamosi saa 11 na nusu alfajiri. Mkitoka kuswali mnaikuta mechi za mwanzomwanzo, na ile ya dau inakuwa ya mwisho kabisa, jua limeshatoka. Nunueni bando mapema Ijumaa, na chaji simu mbili.