Kushusha ukubwa wa picha katika SDXL ili kupata kasi
Ndugu, umeuliza kama kushusha ukubwa wa picha za SDXL (modeli ya akili bandia ya Stable Diffusion inayochora picha kutokana na maneno) hadi pikseli 512 kwa 512 kutaongeza kasi. Kasi itaongezeka kweli, lakini picha zitaharibika, kwa sababu modeli hiyo ilikamilishiwa mafunzo kwenye picha za takriban 1024 kwa 1024, na ikishushwa mno hutoa sura zilizokatwa na maumbo yasiyoeleweka. Ukiongeza upana na urefu mara mbili, pikseli huwa mara nne, na zile hesabu za ndani zinazolinganisha kila sehemu ya picha na nyingine zote hupanda kupita hapo. Kwa rasimu za haraka, basi, tumia Stable Diffusion 1.5, modeli ya awali ya ukoo huohuo, kwa 512 kwa 512, uchague rasimu moja inayokuridhisha, kisha uikuze hiyo peke yake. Modeli hiyo ya 1.5 usiianzishe moja kwa moja kwa 1024, maana ndipo mtu mmoja kwenye picha huota vichwa viwili. Upana na urefu wa picha, kwa pikseli, vigawanyike kwa 8. Ukiamua kubaki na SDXL, acha ukubwa ulivyo na upunguze hatua, yaani mizunguko ambayo modeli huisafisha picha kidogo kidogo, kutoka 50 hadi 25, kwani hapo muda wa kuchora hupungua karibu nusu.