Mapete ya fedha kwenye gobori la kale

Ndugu yangu, umeuliza namna ya kutengeneza kwa mkono mapete ya fedha yenye nakshi, mfano wa yale yanayozungushiwa mtutu na ubao wa magobori ya utambi ya Oman, yaani bunduki za kale ambazo baruti yake huwashwa kwa utambi, ili uyavishe kwenye nakala ya mbao ya kutundika ukutani. Anza na bamba jembamba la shaba nyekundu, na fedha uiache kwanza. Ligandishe juu ya lami iliyochanganywa na unga wa matofali na mafuta kidogo, kwani lami hiyo hulishika bamba na papo hapo hubonyea chini ya tindo. Shaba ikigongwa hukakamaa. Mlio wake ukiwa mkali, ibandue, ipashe moto penye kivuli mpaka iwe nyekundu hafifu, kisha itumbukize majini, nayo italainika tena. Wengi huipuuza hatua hii, na bamba huwapasukia kwenye kona ya ua la nakshi. Utakapofika kwenye fedha, kumbuka kwamba fedha safi huyeyuka kwenye nyuzijoto 961 za Selsiasi, kwa hiyo usiuache mwali usimame mahali pamoja. Gobori halisi la kale, nakusihi, lichore kwenye karatasi tu. Usiliguse kwa tindo.